Sikio la Ukutani

Tangu uvumi wa kirusi kipya uingie mjini miaka mingi iliyopita, kila nyumba ya mchuuzi ilipigiliwa sikio la chuma ukutani. Likisikia kikohozi huwasha taa nyekundu, na genge la biashara la nyumba hiyo hufungwa mwezi mzima. Majumba ya wenye maghala hayakupigiliwa kitu. Bi Mgeni, mwenye genge la mboga, hakushangaa. Hata enzi za kipindupindu, vibanda vya wauza uji ndivyo vilivyovunjwa kwanza.

Mchana huo alikuwa akila wali kwa samaki na mjukuu wake Salhina, aliyezaliwa akalikuta sikio ukutani.

“Bibi, leo samaki wako mtamu kuliko hadithi zako.”

“Kula, mke mwenzangu. Mdomo huo utakuponza.”

Ukamponza kweli. Mwiba ulimkwama kooni, macho yakamtoka. Salhina akalitazama lile sikio, kisha akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

“Kohoa, mwanangu! Kohoa, genge na lifungwe!”

Mtoto akatikisa kichwa. Bi Mgeni akamlaza mapajani, akampiga mgongoni hadi mwiba ukamtoka pamoja na tonge. Taa ilibaki ya kijani.

“Bibi, nimeweza,” Salhina alisema, akitabasamu huku machozi yakimtiririka.

“Usiweze tena, kipenzi changu. Tazama, watu hukohoa hivi.”

Bi Mgeni akamkumbatia, akafungua kinywa amwonyeshe. Akavuta pumzi, akajikaza, akajikaza tena. Koo lake, lililozoea kuzuia kikohozi miaka yote hiyo, likakataa.