Nukta Mbili Nyekundu

Mjane alishaufunga mkanda mpya wa taimingi, ule unaopatanisha mizunguko ya injini, lakini gari la marehemu mumewe lilitetemeka kama mgonjwa wa homa.

“Shemeji, liuze tu kama chuma chakavu,” alisema mdogo wa marehemu. “Ukiwasha tena, injini itakufa.”

Mjane akafuta grisi kwenye gia ya juu ya mkanda. Nukta nyekundu ikatokeza. Pembeni, kwenye bodi ya injini, nyingine.

Akaikwaruza kwa ukucha. Rangi yake ya kucha! Miaka yote alimsingizia dada yake kuiiba, kumbe mwizi alikuwa mume.

Alizitia ziwe alama za kupangia mkanda, na sasa zilipishana jino moja tu. Akausogeza mkanda, akaizungusha injini kwa spana, mizunguko miwili. Zikakutana.

“Haya, washa,” alimwambia shemeji yake.

Injini ikanguruma taratibu. Miguu ya mjane ikaondoka yenyewe kwenda kumfungulia mumewe geti, kama kila jioni aliposikia mngurumo ule.