Viti vya Mzee Zebedayo

Kila Jumapili kabla ya ibada, Mwalimu Loisi aliandika ubaoni majina ya wagonjwa, kisha akaliuliza darasa lake la watu wazima nani angekwenda kuwatazama. Wote waliinamia Biblia zao. Basi wakawaombea, wakaitikia amina kwa sauti kubwa, wakaenda zao kanisani.

Jumapili hiyo walikuwa wakimwombea Mzee Zebedayo, aliyevunjika mguu, naye mwenyewe akaingia taratibu, akaketi benchi la nyuma na kuomba pamoja nao. Walipofumbua macho ndipo walipomwona.

"Umepona, baba?" Loisi aliuliza.

"Huu mwezi wa tatu, mwalimu."

"Mbona hukutuarifu?"

"Nilijua mtakuja mjionee. Kila Jumapili mchana mke wangu anatoa viti sita barazani. Jioni tunavirudisha ndani."

Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa kama anaeleza habari za mvua, na hilo ndilo lililomchoma Loisi.

Alifuta jina la mzee. Chini yake lilibaki la Mama Kezia, ambalo alikuwa akiliandika tangu kabla ya Pasaka.

"Nani anapajua kwa Mama Kezia?"

Wakainamia tena Biblia zao. Hata yeye hakupajua.

Kengele ya ibada ikalia. Loisi akatoka, chaki ingali mkononi, akaupa mgongo mlango wa kanisa na kwenda kubisha hodi nyumba ya kwanza ili aulize njia. Nyuma yake alisikia benchi likisogezwa, kisha jingine. Hakugeuka kutazama.