Gari Lisilo na Moshi

"Usinitajie mahali," Alpesh alisema kabla Bakili hajafungua mdomo. "Wakija watu wa mazingira, nataka niape kwamba sijui."

Bakili, kibarua wake wa karakana ya mtaa wa Gerezani, alisimama kando ya mkokoteni uliojaa betri zilizokufa. Shati lake lilikuwa limetoboka vitundu vitundu kifuani kwa tindikali.

"Lakini bosi, pale ninapozivunjia kuna mtoto anashinda. Na kuku wa majirani wamekufa wote."

"Watoto wako kila mahali. Ukirudia tena, kazi huna."

Bakili akaushika mkokoteni, akaondoka. Angefanya nini?

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, na mwenye kontena Kariakoo alikuwa mfalme. Wenzake waliingiza mitumba. Alpesh aliingiza vigari vya umeme ambavyo hata mwalimu angevimudu. Vilikuwa rahisi kwa sababu vilitumia betri za risasi na tindikali, na zikifa hakuzirudisha kwa waliomuuzia kama walivyopatana. "Gari lisilo na moshi," lilisema bango la duka. Kizuri chajiuza, navyo vilijiuza kweli.

Moshi wenyewe Alpesh aliuchukia kwa moyo wote. Binti yake wa pekee, Jinal, wa miaka minne, alikuwa akisinyaa mbele ya macho yake. Tumbo lilimsokota, uso ulimpauka, na maneno aliyoyajua mwaka jana yalikuwa yakimpotea. Alpesh hakuwa na shaka: ni malori yanayonguruma chini ya dirisha lao. Ndiyo maana kila asubuhi yaya Hyasinta alimchukua mtoto akashinde naye kwake Buguruni, uani, penye mpapai.

Siku hiyo Jinal aliamka hoi, hakupelekwa Buguruni; mchana, akiwa kitandani nyumbani, akapatwa na degedege. Mama yake, Vidhi, alipiga kelele mpaka majirani wakaja.

"Hewa ya hapa inamuua," Alpesh alisema, machozi yakimlenga. "Alale hukohuko kwa Hyasinta mpaka apone."

Hyasinta alimfunika mtoto kwa kanga yake kuukuu, yenye vitundu vitundu. Alpesh akajisemea kwamba huyu mwanamke lazima anunuliwe kanga mpya.

Aliwapeleka mwenyewe kwa kigari cha umeme, polepole, bila mngurumo. Kichochoro kilipokuwa chembamba akasimama. Nyumbani kwa mtumishi hakuwahi kufika. Alimbusu binti yake kwenye paji la uso.

"Vuta hewa, mama. Vuta sana."

Huko uani mume wa Hyasinta aliweka shoka chini, akalivuka rundo la betri, akampokea mtoto.

"Bosi kasema alale hapa mpaka apone," Hyasinta alimwambia.

"Nami kanikataza kusema," Bakili alimjibu mkewe. Kisha akamkalisha Jinal juu ya betri kubwa kando ya sufuria ya risasi iliyokuwa ikitokota, mahali pake pa siku zote.