Bakuli la Wanga wa Muhogo

Tunu alizidi kuchimba chini ya mgomba, mahali walipozika kitovu cha binti yao. Walikuwa wanahama, naye alitaka kwenda nacho ndani ya bakuli lilelile walilokizikia, la kwanza kulitengeneza kwa wanga wa muhogo na makapi ya mkonge. Jembe lilitoa udongo mtupu.

"Bakuli limekwenda wapi?"

Mumewe, Shekue, alimshangaa. "Mama Riziki, si wewe unayewaambia wateja kuwa mabakuli yako yanaoza yote, haibaki hata chembe?"

Ndivyo alivyowaambia, tena kwa majigambo. Sasa hakujua acheke au alie. Akachota udongo, asijue upi bakuli, upi kitovu, akautia katika bakuli jipya. Ulikuwa umelowa. Mikononi mwake, kitako cha bakuli kikaanza kulainika.