Sinia la Wakwe

Salha alikuwa amepewa heshima ambayo msichana mgeni hapewi: kuwapelekea wakwe sinia la pilau harusini. Tangu vita vilipomfukuza kwao, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mji huu kumwamini kwa jambo.

Alipofika katikati ya mikeka, mfuniko wa sufuria ulianguka jikoni kwa kishindo. Kabla hajafikiri, alikuwa amelala kifudifudi, mikono kichwani, na wali umetapakaa mbele ya wakwe.

"Vita vimekuja kula harusi," mwanamke mmoja alinong'ona, na wenziwe wakacheka.

Salha alijua kuwa inampasa kuinuka, lakini aibu ilimkandamiza kuliko hofu. Alitamani mkeka umfunike.

Ndipo Bi Shemsa, bibi wa bwana harusi, alipokuja kuketi kando yake, akanawa mikono, akafinyanga tonge palepale mkekani.

"Sogea kidogo, mjukuu wangu," alisema huku akitafuna. "Umelalia nyama yangu."

Kicheko kilikatika. Mkwe mmoja aliinama kula, kisha mwingine. Salha aliinua uso uliogandwa na punje za wali, akanyoosha mkono. Jikoni mfuniko ukaanguka tena, na vidole vyake vikabaki hewani, juu ya wali.