Tundu la Bafuni

Jirani wa ghorofa ya chini alivua viatu mlangoni, akaweka keki mezani, akamtazama Gareth kuanzia soksi hadi kipara.

"Bwana Gareth, leo hujajifunga blanketi? Mwingereza amezoea baridi ya Krakow?"

"Nimeikomesha, mama," alijibu, kifua mbele. "Yote ilikuwa ikipitia lile tundu la ukutani bafuni. Jana nimeliziba kwa taulo na selotepu. Sasa humo ni joto kama kiota!"

Akangoja asifiwe. Mkewe, aliyezoea kulalamika kwamba kuoga Poland ni adhabu, leo alikuwa amejilaza kwenye maji tangu wakati wa chai, akiimba, huku mtambo wa gesi wa kuchemshia maji ukinguruma juu ya kichwa chake.

Yule mama hakucheka. Kisu cha keki kilibaki hewani, na mbegu nyeusi za keki zilizokinatia zikadondoka moja moja kwenye kitambaa cheupe.

"Gesi inawaka, na tundu umeliziba?"

"Lote! Hata upepo hauchungulii. Ila vichwa vinatuuma tangu asubuhi. Mafua, nadhani."

"Si mafua, mwanangu. Ni hewa chafu ya gesi. Hainuki, haionekani, inaua, na pa kutokea ni hapo tu. Mkeo yuko wapi?"

"Yumo bafuni. Kwani humsikii anavyoimba?"

Wakatega masikio wote wawili. Mtambo ulinguruma. Maji yalitiririka, yakaanza kupenya chini ya mlango.