Kikombe cha Mgeni

Katika mji ule mgeni hupewa maji kabla ya mazungumzo, hata awe adui. Lakini ofisa wa kampuni iliyotaka kujenga jumba la kompyuta, linalopozwa kwa maji usiku na mchana, alihutubia uani kwa Bi Mwanaidi mpaka koo likamkauka, na hakuna aliyenyanyuka kumletea maji.

"Maji yatatutosha sote," akasema akikohoa. "Sasa hata kikombe mnaninyima?"

Bi Mwanaidi akanyanyuka. Akamtupia kamba ya kisima. "Teka mwenyewe."

Ndoo ikagonga mwamba, ikapanda na tope kidogo. Tangu kampuni ichimbe kisima chake cha majaribio, hiki cha uani kilikuwa kikitoa tope tu.

Bi Mwanaidi akakipangusa kikombe cha wageni kwa ncha ya kanga, akakijaza tope, akamnyooshea.

"Kunywa, baba. Halafu urudie ulivyosema."